Kisanduku Kikinyamaza: Maswali Yenu Kuhusu Sehemu ya Kutafutia

Tangu nilipoandika hapa kuhusu lebo za fomu, barua nyingi zinazoingia zinauliza kitu kimoja: kile kisanduku cha kutafutia kinachokaa juu ya karibu kila tovuti. Nimefurahi sana. Ndicho nilichokitengeneza mara nyingi kuliko kingine chochote katika kazi hii, na ndicho nilichokikosea kwa muda mrefu zaidi. Nimechagua barua saba.

Shikamoo dada. Mbunifu wetu amechora kisanduku chenye ikoni ya lenzi na maandishi hafifu ndani yake, “Unatafuta nini?” Lebo haitaki, anasema inaharibu mchoro. Mimi naona yale maandishi ya ndani yanatosha kuwa lebo. Nimekosea? — Msanidi chipukizi

Marahaba, mdogo wangu. Hayatoshi, na ngoja nikueleze nilivyojua.

Nina mwenzangu kazini asiyeona. Siku moja nilimwomba anijaribie kisanduku changu, nami nikavaa vipokea sauti vya pili ili nisikie anachosikia. Kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kilichomo kwenye skrini, kilipofika kwenye kisanduku kilisema: “Sehemu ya kuhariri, tupu.” Akabonyeza Tab. “Kitufe.” Basi, hakikusema zaidi. Akaniuliza, “Kitufe cha nini?” Lenzi niliyoichora kwa uangalifu, yenye mviringo mzuri na mkono wake, kwake haikuwepo kabisa. Sikuwa nimeipa jina.

Kwako hali ina nafuu kidogo, maana vivinjari vya leo vikikosa jina lingine huchukua maandishi ya placeholder, yaani yale hafifu ya ndani. Lakini maandishi hayo hutoweka mtu anapoandika herufi ya kwanza. Mtu ameandika “mvua”, simu ikaita, akazungumza dakika kumi, akarudi. Anaona neno “mvua” ndani ya kisanduku, kwenye ukurasa wenye visanduku vitatu. Kipi kilikuwa cha kutafuta makala na kipi cha kuandika mahali alipo? Mwenye shida ya kumbukumbu hupotea hapo hata bila simu kuita. Tena wabunifu wengi huyapaka maandishi hayo rangi ya kijivu hafifu isiyofikia uwiano wa mng'ao kati ya maandishi na usuli wa 4.5 kwa 1, unaotakiwa kwa maandishi ya kawaida na WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zifikike kwa watu wenye ulemavu.

Kuna na wale wanaoiendesha kompyuta kwa sauti kwa sababu mikono yao haiwezi. Mtu wa namna hiyo husoma kilicho mbele yake, kisha husema “bofya Tafuta”, na programu inatafuta kitu chenye jina hilo. Kama macho yanaona “Tafuta” na wewe chini kwa chini umeandika aria-label, yaani jina lisiloonekana ambalo programu husoma, inayosema “Ingiza maneno hapa”, amri yake haimfikii mtu. WCAG 2.1 ya mwaka 2018 iliongeza kigezo mahususi kwa jambo hili, namba 2.5.3: neno linaloonekana liwemo ndani ya jina linalosomwa na programu.

Sasa, usigombane na mbunifu wako. Mwombe kitu kimoja tu: kitufe cha pembeni kiwe na neno “Tafuta”, pamoja na lenzi yake akipenda. Mwenye macho akiona kisanduku kimepakana na kitufe kinachosema “Tafuta”, ameelewa, na W3C wenyewe, shirika linaloweka viwango vya wavuti, wanaikubali mbinu hiyo. Hapo lebo ya kisanduku unaweza kuificha machoni tu. Usitumie display: none, kwani hiyo huficha kwa kila mtu, tumia lile darasa la CSS linalobana lebo iwe pikseli moja na kuikata kwa clip-path, huku masikioni ikibaki. Mifupa yake ni hii:

<form role="search" action="/tafuta">
  <label for="neno" class="fiche-machoni">Tafuta makala</label>
  <input type="search" id="neno" name="q">
  <button type="submit">Tafuta</button>
</form>

Lenzi ikikaa ndani ya kitufe chenye neno, ipe aria-hidden="true" ili isisomwe bure. Ile role="search" huifanya fomu iwe alama ya eneo ambayo kisoma skrini kinaweza kuirukia. Tangu 2023 HTML ina hata kipengele chake chenyewe, search, kinachofanya kazi hiyohiyo. Chagua kimoja kati ya viwili. Na mpe mbunifu salamu zangu pamoja na hesabu moja: mpaka wa kisanduku wenye rangi #CCCCCC juu ya nyeupe una uwiano wa kama 1.6 kwa 1, wakati kinachotakiwa ni 3 kwa 1. Rangi ya #949494 inavuka kwa uchache. Macho yaliyochoka yatamshukuru.

Dada, nimetengeneza orodha ya mapendekezo inayoshuka chini ya kisanduku mtu anapoandika. Mishale ya kibodi inafanya kazi, pendekezo lililochaguliwa linabadilika rangi. Lakini mtumiaji mmoja asiyeona ameniandikia kwamba hasikii chochote. Nimepitia kodi yangu mara tatu sioni kosa. — Msanidi wa mfumo wa maktaba

Ndugu yangu, hili ndilo kosa langu lenyewe, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Yule mwenzangu niliyemtaja alipojaribu orodha yangu ya kwanza, aliandika herufi nne, akabonyeza mshale wa chini. Kimya. Akabonyeza tena, kimya. Mara tano. Akadhani ukurasa umekwama, akabonyeza Enter ili atafute alichoandika. Ukurasa ukambeba mpaka kwenye makala ya tano ya orodha, ambayo hakuiomba na wala hakujua ipo. Mimi nilikuwa naitazama skrini muda wote, naona rangi ya samawati ikishuka mstari baada ya mstari. Kila nilichokiona kilikuwa sahihi, na yeye hakupewa hata kimoja.

Rangi haisemi. Ulichobadilisha ni darasa la CSS, na kisoma skrini hakisomi madarasa ya CSS. Fokasi halisi ya kibodi, yaani mahali ambapo vitufe vinafanya kazi kwa sasa, ibaki ndani ya kisanduku, kwa sababu mtu bado anaandika. Kinachohitajika ni kuiambia programu kwamba “ingawa fokasi iko hapa, kinachotazamwa sasa ni kile pale”. Kazi hiyo hufanywa na aria-activedescendant. Kisanduku kipewe role="combobox" (kisanduku chenye orodha ya kuchagua), aria-autocomplete="list", aria-controls inayotaja kitambulisho cha orodha, na aria-expanded inayobadilika kuwa true orodha inapofunguka na false inapofungwa. Orodha yenyewe iwe listbox yenye jina lake, na kila mstari uwe option mwenye kitambulisho kisichojirudia. Mshale ukishuka, andika kitambulisho cha mstari huo ndani ya aria-activedescendant na uuwekee aria-selected="true". Mtu akirudi kuandika, kiondoe.

Ukitafuta mifano mtandaoni utachanganyikiwa, na kosa si lako. Toleo la 1.1 la ARIA, kiwango cha hizi sifa za role na aria-, liliiweka combobox kwenye div inayozunguka kisanduku. Toleo la 1.2, lililopitishwa rasmi Juni 2023, limeirudisha kwenye kisanduku chenyewe. Mfano wenye aria-owns kwenye div ya nje ni wa zamani, uache.

Mambo mengine niliyojifunza kwa kuumiza watu. Usichague pendekezo la kwanza kabla mtu hajaomba. Enter bila mshale itafute kile alichoandika, neno kwa neno. Escape ya kwanza ifunge orodha na kuacha maandishi, ya pili ndiyo iyafute. Home na End zibaki kazi yake ya kusogeza kishale ndani ya maneno, maana anayesahihisha herufi ya mwanzo anazihitaji. Usiweke kitufe cha kufuta au kiungo ndani ya option: kisoma skrini huusoma mstari wote kama maandishi matupu, na kile kitufe kinamezwa.

Na hili la mwisho ni la wanaoona kwa shida. Kivinjari hakisogezi orodha chenyewe pale aria-activedescendant inapobadilika, kwa sababu fokasi haijahama. Aliyekuza ukurasa kwa asilimia 400 anaona mapendekezo mawili tu. Akishuka hadi la sita, liko chini ya upeo wa macho yake. Ni juu yako kuita scrollIntoView kila mshale unapobonyezwa. Mstari mmoja wa kodi, na nimeukuta umesahaulika hata kwenye komponenti zilizopita ukaguzi.

Kile kialama cha X cha kufutia maandishi, nitumie kinachokuja na kivinjari au nitengeneze changu? — Mwanafunzi

Tengeneza chako. Kinachokuja na type="search" kipo kwenye baadhi ya vivinjari tu, na Tab haikifikii. Ficha hicho cha asili kwa ::-webkit-search-cancel-button, kisha weka kitufe halisi chenye type="button" na jina “Futa maneno”. Kikishafuta, rudisha fokasi ndani ya kisanduku. Ukisahau, kitufe kikitoweka fokasi huanguka na mtumiaji wa kibodi anaweza kurudishwa mwanzo wa ukurasa. Kipe nafasi isiyopungua pikseli 24 kwa 24, kama WCAG 2.2 ya 2023 inavyotaka. Mimi huweka 44, kwa sababu nimeona vidole vinavyotetemeka vikikikosa mara nne mfululizo.

Matokeo yetu yanajichuja papo hapo mtu anapoandika, bila kubonyeza Enter. Tumeambiwa tuweke aria-live, ili kisoma skrini kitangaze mabadiliko. Tumeiweka juu ya orodha nzima ya matokeo, na sasa malalamiko yamezidi. Tufanyeje? — Timu ya watu watatu

Hebu jiwekeni katika masikio ya huyo mtu. Anaandika “k”, matokeo 80 yanaanza kusomwa. Anaandika “i”, yanakatika, mengine 30 yanaanza. Anaandika “t”. Hajamaliza neno “kitabu” na tayari amepigwa na mawimbi matatu ya maneno. Mliyempa ni kelele, na kelele inamchosha kuliko kile kimya cha mwanzo.

Ondoeni aria-live kwenye orodha. Wekeni kipengele kidogo pembeni chenye role="status", kiwepo kwenye ukurasa tangu unapofunguka, kikiwa tupu. Hilo la kuwepo tangu mwanzo ni muhimu: mkikiunda pamoja na ujumbe wake kwa mkupuo mmoja, visoma skrini vingi havitausema. Kisha msubiri vidole vitulie. Mimi husubiri sekunde moja hivi baada ya herufi ya mwisho, kwa sababu kisoma skrini kina kazi ya kutaja herufi zinazoandikwa na ujumbe wenu ukiingia katikati unakatwa. Vidole vikitulia, andikeni ndani yake sentensi moja fupi: “Matokeo 12.” Yakikosekana: “Hakuna matokeo ya ‘kitabuu’.” Neno alilolikosea abaki nalo kisandukuni, ili asahihishe herufi moja badala ya kuanza upya.

Fokasi msiihamishe. Nimeona tovuti inayomrusha mtu kwenye tokeo la kwanza angali anaandika, na herufi zake zilizobaki zikageuka amri za kisoma skrini. Mtu huyo hawezi kujua kilichotokea.

Mkiweza, rudisheni na kitufe cha “Tafuta” hata kama uchujaji ni wa papo hapo. Wapo watu wengi, wenye kuona na wasioona, wanaotaka kusema wenyewe kwamba “nimemaliza, sasa nipe”. Na ikiwa Enter inafungua ukurasa mpya wa matokeo, anzeni kichwa cha ukurasa na matokeo yenyewe, mfano “Matokeo 12 ya kitabu”, kisha ndipo jina la tovuti. Kichwa hicho ndicho kitu cha kwanza kusikika.

Mimi si msanidi, ni msomaji nisiyeona. Kwenye tovuti ngeni napoteza muda mwingi kutafuta kisanduku chenyewe. Nabonyeza Tab mpaka mkono unauma. Kuna njia? — Msomaji wa siku nyingi

Asante sana kwa kuandika. Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya wenzangu.

Ipo njia, ila inategemea waliotengeneza ukurasa wamefanya sehemu yao. Ukitumia kisoma skrini cha NVDA, ukiwa katika hali ya kuvinjari bonyeza herufi E: inakupeleka kwenye sehemu ya kuandikia inayofuata, na Shift pamoja na E inakurudisha nyuma. Herufi D huruka kati ya maeneo ya ukurasa, na ukisikia eneo la kutafutia umefika. Kwenye kisoma skrini cha JAWS ni E vilevile, na R kwa maeneo. Kwa VoiceOver ya iPhone, zungusha vidole viwili mpaka usikie vidhibiti vya fomu, kisha telezesha kidole chini.

Ukifika na kisanduku hakitaji jina lake, waandikie wenye tovuti maneno haya hasa: “Kisanduku chenu cha kutafutia hakina lebo, kisoma skrini kinasema sehemu ya kuhariri, tupu.” Taja na jina la kivinjari chako. Msanidi akipata sentensi hiyo anajua pa kushika, na kurekebisha kwake ni kazi ya dakika chache. Usiombe radhi unapoandika.

Mtu akiandika ng'aa kwenye simu yake hapati kitu, mimi nikiandika kwenye kompyuta napata. Hili nalo ni la ufikivu? — Mhariri wa kamusi

Ni la ufikivu kabisa, na nimefurahi kwamba umeliona. Baadhi ya simu hubadilisha alama ya ' iliyonyooka kuwa ’ iliyopinda, bila kumuuliza mtu. Kwa macho ni neno lilelile. Kwa mashine ni herufi mbili tofauti. Kabla ya kulinganisha, geuza zote ziwe aina moja, upande wa anayetafuta na upande wa maneno yako uliyohifadhi. Wengine hawaweki alama yoyote, huandika ngaa. Wapokee na hao.

Maadamu tuko kwenye lugha, fungua kodi ya ukurasa wako uangalie mstari wa juu. Violezo vingi huja na lang="en". Ukiuacha hivyo, kisoma skrini huchukua sauti ya Kiingereza na kusoma nayo Kiswahili chako, na “tafuta makala” inasikika kama maneno ya mgonjwa wa homa. Andika lang="sw". Sauti ya eSpeak NG inayokuja na NVDA inakijua Kiswahili.

Hapa kwetu hakuna mwenzetu asiyeona. Nitajaribuje kazi yangu? — Nafanya kazi peke yangu

Anza kwa kuchomoa kipanya. Weka mkono mmoja mapajani kama unajijua mdanganyifu. Fika kwenye kisanduku kwa Tab, tazama kama unaona fokasi iko wapi. Kama uliandika outline: none mahali fulani hutaiona, na hapo umeshapata kosa la kwanza. Andika, shuka kwenye mapendekezo, panda, funga kwa Escape, tafuta kwa Enter, rudi, futa.

Kisha pakua NVDA, ni ya bure, au washa VoiceOver iliyomo tayari kwenye Mac na iPhone, au TalkBack kwenye Android. Siku ya kwanza utachoka na kuchanganyikiwa. Tenga saa nzima ujifunze amri zake kwenye ukurasa unaoufahamu kabla hujahukumu wako. Ukishazoea, zima mwanga wa skrini ufanye utafutaji mmoja kamili, toka kufungua ukurasa hadi kusoma tokeo la tatu. Mimi huweka daftari kando na kuandika kila nilichosikia, neno kwa neno, na kila mahali nilipolazimika kubahatisha.

Hayo yote hayachukui nafasi ya mtu anayetumia kisoma skrini tangu utotoni. Wewe unakijua kisanduku chako, unajua orodha ipo hata isiposemwa. Ukipata bajeti ndogo ya mradi, tumia sehemu yake kumlipa mtumiaji mmoja kwa saa mbili za kujaribu, umlipe kama unavyomlipa fundi mwingine, na ukae pembeni yake bila kumwelekeza. Akibonyeza mshale wa chini na vipokea sauti vikanyamaza, usimwambie kilichopo kwenye skrini. Andika saa na kitufe alichobonyeza, kisha muulize alitarajia kusikia nini.